Filimbi ya Mtu wa Mwisho

Jina analo, alipewa na baba yake mzazi, lakini kule mabwawani hakuna anayelitumia. Wanamwita Mkia. Mumewe anamwita Mkia, mama mkwe anamwita Mkia, na hata wageni wanaokuja kuendesha baiskeli za milimani kwa siku moja tu, jua halijafika utosini wameshajifunza: "Mkia, mnyororo wangu umetoka." Naye anashuka, anapiga goti, anaurudisha mnyororo kwenye meno yake, anafuta grisi kwenye suruali, halafu anangoja mgeni apande kwanza. Ndiyo kazi. Mkia hauondoki kabla ya mwili.

Kazi yenyewe iko hivi. Ndani ya hifadhi ya taifa kuna mabwawa mawili, Bwawa la Juu na Bwawa la Chini, na katikati yake msitu mzito wenye vijia vilivyosokotana kama nywele zisizochanwa. Ukoo alikoolewa ndio unaokodisha baiskeli na kuwaongoza wageni humo. Wa mbele anaijua njia. Akifika inapogawanyika, anamwacha pale yule anayemfuata, anamwambia simama hapa, onyesha kwa mkono upande huu, usibanduke mpaka umwone mkia. Basi mtu yule anageuka kibao. Wenzake wanapita mmoja mmoja, mbu wanamla, yeye yupo. Mpaka Mkia atokee nyuma ya wote na kumwambia haya, twende. Hapo ndipo anapanda na kutangulia, na Mkia anapuliza filimbi mara tatu, ili walioko mbele wajue kwamba njia panda ile imefagiwa na hakuna mtu aliyebaki. Kwa utaratibu huo msitu ule haujawahi kumeza mtu. Lakini ujue na hili: mkia usipofika, kuna mtu amefungwa mahali bila kamba.

Alipokuwa msichana alikuwa anasambaza mikate kwa baiskeli. Tanuri lilikuwa upande mmoja wa mji, maduka upande mwingine, na yeye alikuwa akikata mitaa na kreti nyuma mpaka watu wanasema huyu mikate yake inafika ikiwa bado haijajua kwamba imetoka tanuri. Alivunja spoki nyingi kwa mbio zile, na aliyekuwa akizifunga upya ndiye huyu mumewe, Fundi, mtu mpole, mikono imara, mdomo mzito. Akampenda. Alipomwambia kwao ni hifadhini, mabwawani, njia za baiskeli kila upande, yule msichana alidhani ameolewa na upepo.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Alikuta vyumba vya mstari mmoja, vilivyojengwa zamani kwa ajili ya waliojenga bwawa, milango inafanana, mabati yanafanana. Ukuta wa Bwawa la Chini umesimama mbele ya dirisha lake, mpana, wa kijivu, una ukoka unyevu kwenye nyufa, na kwa sababu yake jua hufika chumbani kwake wakati watu wengine wameshaanika nguo. Ukilala unajua kuna maji mengi yamesimama upande wa pili, juu ya kichwa chako, yakitulia tu. Lango la hifadhi hufungwa jioni kwa kufuli, na kama hukuwahi kutoka, umelala. Jiko ni moja, la mama mkwe. Sufuria zinatundikwa kwa mpango wa mama mkwe. Hata ufagio una msumari wake, na ole wako uuweke kichwa chini.

Mama mkwe huyu ndiye aliyekuwa mkia wa zamani. Mumewe, Mungu amrehemu, aliongoza mbele, yeye akafagia nyuma, wakazeeka hivyo. Goti lilipoanza kumgomea, alivua mkoba wa nyuma wenye pampu, viraka na bandeji, akavua na filimbi shingoni, akamvika mke wa mwanawe mbele ya watu wote. Akamwambia hiyo ni heshima, apewaye mkia amepewa roho za watu. Na kweli walimsifu. Shemeji yake, kaka mkubwa wa Fundi, ambaye ndiye anayeongoza mbele tangu baba yao afariki, alimsifu kila msimu. Hakuna kama Mkia. Bila Mkia tumekwisha. Sifa nazo ni kamba, ila huwa zinapakwa asali. Kila aliposema anataka kujaribu mbele walimwambia, sasa nyuma atakaa nani aaminike kama wewe?

Alichotaka ni kidogo. Alitaka kuiona njia tupu. Miaka yote ile hakuwahi kuona kijia cha msitu bila mgongo wa mtu juu yake. Migongo minene, migongo yenye jasho, migongo inayoshika breki kwenye mteremko ambao yeye angeuruka kama swala. Alikuwa na miguu, na miguu yake ilikuwa inaozea kwenye pedali.

Mwaka huu mgongo wa Shemeji ulikataa. Mganga wa zahanati alimwambia achague, baiskeli au kutembea. Akasema basi, atakaa ofisini apokee wageni, na wa mbele atapatikana siku ya kuamsha njia. Hiyo ndiyo siku ambayo ukoo mzima huendesha wenyewe kabla wageni hawajaanza kuja, kuangalia miti iliyoanguka na mahali maji yalipokula udongo. Waliokuwa wakitajwa ni wawili: Mkia, na wifi yake, mtoto wa mwisho wa nyumba ile. Wifi huyu ni mcheshi na ana moyo mzuri, lakini anashuka mlima ameshika breki zote mbili na macho ameyafumba. Mwenyewe alisema wazi mezani kwamba wakimweka mbele, wageni watafika wakiwa na ndevu. Mama yake akamwambia anyamaze ale. Damu yake mwenyewe ndiyo aliyotaka mbele.

Shemeji alimwita Mkia pembeni, kwenye banda la baiskeli, akamwambia wakifika Bwawa la Juu na kupumzika, kurudi ataongoza yeye. Wamwone. Mkia hakulala vizuri kwa furaha. Aliosha mnyororo wake kwa mafuta ya taa na mswaki mzee, akaupaka oili, akazungusha pedali kinyume, akasikiliza. Ulikuwa unanong'ona.

Walitoka asubuhi watu watano. Shemeji mbele, mgongo umefungwa mkanda, kisha Wifi, kisha Mama, ambaye goti na uzee havikumzuia kupanda siku ile kila mwaka, kisha Fundi, na Mkia nyuma. Walipanda polepole. Mama alisukuma baiskeli mahali pote penye mwinuko na akakataa kusaidiwa, kwa hiyo na Mkia alisukuma, nyuma yake, akitazama visigino vyake.

Bwawa la Juu lilikuwa limejaa, maji meusi, miti imejipindua ndani yake. Walikaa kwenye zege wakanywa maji. Shemeji akasema, kama alivyoahidi, kwamba kurudi ataongoza Mkia. Wifi akapiga makofi. Mama alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Hakuinua uso.

"Na nyuma atafagia nani?"

Shemeji alimtazama Fundi, Fundi akatazama tairi. Wifi alijitolea, Mama akamwambia yeye kufagia hata chumba chake hajui. Shemeji mwenyewe na mgongo ule hawezi kupiga goti kufunga mnyororo. Fundi alifungua mdomo, na mkewe alimngojea kwa roho yote, lakini mdomo ule ukajifunga tena.

"Sikio halipiti kichwa," Mama alisema, akasimama na kupangusa suruali. "Twendeni kama tulivyokuja."

Shemeji alimkaribia Mkia akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mwakani, Mungu akipenda. Mkia akasema sawa. Alisema sawa hiyo hiyo aliyokuwa akiisema tangu aolewe, ikatoka yenyewe kama kikohozi.

Basi wakashuka. Njia panda ya kwanza iko penye mti mkubwa ulioanguka. Shemeji alimwacha hapo Fundi, maana ndiye aliyekuwa akimfuata karibu, Wifi na Mama wakiwa nyuma yao. Mkia alipofika alimkuta mumewe amenyoosha mkono kushoto, kwenye njia yenyewe. Kulia kuna kijia cha walinzi wa hifadhi, kinashuka wima mpaka ufukweni mwa Bwawa la Chini na kulizunguka upande ule. Ni kifupi, kina mawe na mizizi, wageni hawapitishwi.

Fundi alimwambia asimkasirikie Mama, ni mtu mzima. Mkia akamwambia tangulia.

"Na wewe?"

"Mimi niko nyuma yako. Lini sikuwa nyuma yako?"

Fundi akapanda, akaenda. Mkia akashika filimbi, akapuliza mara tatu kama kawaida, na sauti ilipokuwa bado iko kwenye matawi, akapindisha usukani kulia.

Akili yake ilimwambia hakuna aliyebaki. Mbele kulikuwa na njia panda moja tu zaidi, na tangu watu wa hifadhi waweke kibao kipya chenye mshale, Shemeji alikuwa haachi mtu pale. Basi mkia wa nini? Alijiambia hivyo huku magurudumu yameshaanza kushuka.

Jamani, alishuka. Aliinuka kwenye kiti, akarudisha uzito nyuma, akaziacha breki zilale. Mizizi ilimrusha, akaipokea kwa magoti. Jani likampiga shavuni, na mbele yake hapakuwa na mgongo, palikuwa na njia, tupu, nyekundu, inajifungua kona baada ya kona kama mtu anayetandaza kitambaa. Alipofika ufukweni maji yakawa kando yake, na alikaza pedali mpaka machozi yakamtoka kwa upepo, au kwa kingine. Alipiga kelele mara moja, kelele ya muuza mikate, halafu akacheka peke yake.

Alifika kwenye ukuta wa bwawa kabla ya Shemeji. Alikuwa amekaa juu ya zege, anakunywa maji, wakati Shemeji na Wifi wanatokea msituni. Wifi aliinama juu ya usukani wake akacheka mpaka akakohoa. Shemeji alivua kofia, akamtazama, akatazama kule kijia cha ufukweni kinakotokea, akatikisa kichwa. Akamwambia kwa kasi ile, aliyebisha atabisha mwenyewe. Mbele ni pake.

Kwa muda mdogo sana, mdogo kama wa kumeza mate, alikuwa nayo hiyo mbele.

Halafu akatokea Fundi, peke yake. Akamwona mkewe ameketi, akageuka kutazama alikotoka.

"Mama yuko wapi?" Shemeji akauliza.

"Yuko kwenye kibao. Si ulimwacha wewe?"

Ikawa hivyo. Mama alipofika penye kibao kipya alisema kibao si mtu, kibao hakijui kuhesabu watu, akamwambia mwanawe amwache pale kama inavyotakiwa. Shemeji hakuwa na nguvu ya kubishana naye tena siku ile. Fundi alipopita alimwambia Mama, twende. Mama akamuuliza Mkia yuko wapi. Fundi akasema yuko nyuma. Basi Mama akabaki, mkono umenyooshwa, anaungoja mkia ambao ulikuwa umeshafika.

Na hapo hapo king'ora cha bwawa kikalia. Mlinzi wa lango la maji huwa anafungulia maji ya Bwawa la Juu yateremke la Chini, na yakiteremka hupita juu ya kivuko, zege lililolazwa mkondoni, kati ya kibao na pale walipokuwa. Maji yakipita hapo hakuna anayevuka mpaka lango lifungwe.

Fundi alisema atakwenda yeye. Shemeji akamwambia ukienda utarudi peke yako, Mama unamjua. Wote walikuwa wanamjua. Angeota ukoka pale. Walimgeukia Mkia, na yeye alikuwa ameshapanda baiskeli. Hakuambiwa na mtu. Miguu ndiyo iliyokwenda, miguu ile ile iliyokuwa inaruka muda mfupi uliopita.

Maji yalikuwa yamefunika kivuko, ya rangi ya udongo, yanavuta. Ng'ambo, chini ya kibao, Mama alikuwa amesimama wima na baiskeli yake, mkono bado umenyooshwa kuonyesha njia, ingawa aliyekuwa anaonyeshwa alikuwa mbele yake. Ungecheka, kama si wewe uliyekuwa ukingojwa.

Mkia alimwambia asikanyage maji, angoje yapungue kisha avuke, wote wamefika salama.

"Unatokea mbele," Mama alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Mkia hautokei mbele. Nimeambiwa nimngoje mkia, na mkia huja kutoka nyuma. Zunguka."

Kuzunguka maana yake ni kurudi ufukweni, kupanda ule mteremko wa mawe hadi kwenye mti ulioanguka, kisha kushuka upya kwa njia ya msituni, ili amfikie kwa mgongo kama kanuni inavyosema. Jua lingezama naye akiwa njiani. Mkia aligeuza usukani. Nasema aliugeuza, gurudumu la mbele lilikuwa limeshaelekea lilikotoka. Akaona msimu huu wote, na ujao, na goti lake mwenyewe litakapochakaa, na msichana mwingine atakayevikwa filimbi.

"Nilikuona," Mama alisema kutoka ng'ambo. "Ufuko wote unaonekana kutoka hapa. Ulikuwa unakwenda kama mtu aliyeibiwa anayemfukuza mwizi."

"Kama uliniona, mbona hukuondoka na Fundi? Ulijua sipo nyuma."

"Ningeondoka, ingekuwa hukufanya kitu."

Hilo ndilo lililomsimamisha. Alikaa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, akalitafuna neno lile. Mwanamke mzima, goti bovu, amesimama akiliwa na mbu ili kosa la mwenzake lipate kuwa kosa. Alitaka kukasirika, na ndani ya hasira akakuta kitu kinachofanana na heshima, akakasirika zaidi.

Akarudisha gurudumu mahali pake.

"Mama, nyuma yako kuna nani?"

Mama aligeuka akatazama msitu, kama kwamba kweli kungekuwa na mtu. "Hakuna."

"Na mtu ambaye nyuma yake hakuna mtu, sisi tunamwitaje?"

Maji yalipita. Mkono wa Mama, uliokuwa umenyooshwa muda wote huo, ukashuka kidogo, ukapanda, kisha ukashuka kabisa. Alisema mtoto wa kike akishinda kwenye tanuri hujifunza mdomo. Mkia alivua mkoba wa mgongoni, wenye pampu na viraka na bandeji. Akavua na filimbi, shingo ikahisi baridi pale kamba ilipokuwa. Akavitundika kwenye nguzo ya kivuko, upande wake.

"Mimi ni wa mbele," akasema. "Nitasimama hapa mpaka mkia uvuke."

Walisimama. Mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja ni kibao cha mwenzake. Mbu waliwala wote bila upendeleo. Lango lilifungwa, maji yakashuka, zege likaonekana kichwa, kisha mgongo. Mama akavuka, anasukuma baiskeli, viatu vinafyonza. Alipofika katikati akateleza kidogo na Mkia akanyoosha mkono, na mkono ule ukaachwa hewani. Mkia akapanda baiskeli akatangulia. Hakutazama nyuma, alitega sikio tu. Kwa muda hakusikia kitu, akajua mkoba umeachwa kwenye nguzo, na kwamba itabidi aurudie.

Kisha filimbi ikalia nyuma yake. Mara tatu. Pumzi ya kizee, lakini safi.

Ukutani watu walikuwa wamesimama. Shemeji alikimbilia baiskeli ya Mama, na mgongo wake ule, akamuuliza kwa huruma kama amechoka, maskini, kuachwa peke yake msituni muda wote ule. Hilo lilikuwa kosa lake, maana neno kuachwa halikupata kukaa juu ya mwanamke yule tangu azaliwe.

"Nani ameachwa?" Mama alisema, akiushusha mkoba. "Nilikuwa nafagia."

Alilisema mbele ya watoto wake wote, na neno la mama yule likishatoka halirudi ndani. Wifi aliziba mdomo kwa kiganja. Shemeji akauliza taratibu, kwa hiyo msimu huu mkia ni nani, na Mama akamwambia kama macho anayo atazame filimbi iko kwenye shingo ya nani. Fundi ndiye aliyetabasamu, akainama haraka kukaza nati ambayo haikuwa imelegea.

Hivyo ndivyo alivyoipata mbele. Sasa anaongoza wageni, na kila asubuhi njia ni tupu mbele yake, nyekundu, na ukungu wa Bwawa la Juu unainuka kati ya miti. Wageni hawajui, wanamwita Mkia vilevile, maana jina likishang'ata haliachii. Na Mama goti amelifunga kitambaa, amekuja nyuma kila siku, hajakosa hata mara moja, anawarudishia wageni minyororo kwa vidole vilivyopinda na anawagombeza.

Ila kuna kitu kimoja. Ukiwa mbele, husikii wa nyuma. Lakini yeye husikia. Penye ule mteremko mzuri, magurudumu yakianza tu kuimba na yeye akiinuka kwenye kiti, filimbi hulia huko nyuma, ndefu, moja. Maana yake: polepole, watu hawajafika.

Naye hushika breki.